Mwongozo kwa Kijana Aliyerefuka Ghafla

Mwongozo huu ni wa kijana yeyote wa Mbagala, Likoni, Goma au Lubumbashi ambaye, kati ya likizo moja na nyingine, suruali zake zimegeuka kaptula na mtaa umeshamchagulia kazi. Wachezaji hauwahusu, wao wana makocha na madaktari wa magoti. Unamhusu yule ambaye hajawahi kudundisha mpira hata mara moja lakini ndugu zake tayari wanabishana nyumba atakazowajengea ziwe za vyumba vingapi.

HATUA YA KWANZA: DALILI

Utajua mambo yameanza siku konda atakapokuambia, “Kaka mkubwa, wewe kaa mbele, huko nyuma utanitobolea paa.” Kisha litakuja swali: “Unacheza kikapu?” Litaulizwa na mwenye genge, na mwalimu wa hesabu, na daktari uliyemfuata akutibu malaria. Usishangae. Hakuna anayemwona mtu mwenye mikono mikubwa akamuuliza kama ni mkunga, lakini mtu mrefu ni mali ya umma na kila mpita njia ana haki ya kumpangia matumizi. Ukijibu kwamba wewe unapenda uhasibu, watakupa pole.

Baada ya swali hufuata jina. Kinshasa watakutajia Dikembe Mutombo. Dar es Salaam watakutajia Hasheem Thabeet, tena watakusimulia nusu ya habari zake. Nusu hiyo ni tamu. Amezaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Ana sentimita 221. Alianza kushika mpira akiwa na miaka 15 hivi, akapita shule ya Makongo, akaenda kumalizia sekondari Houston, akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut, na Juni 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili katika drafti ya NBA, yaani mgawo wa wachezaji wapya wa ligi kuu ya kikapu ya Marekani, Mtanzania wa kwanza kufika kule. Hapo msimulizi hunyamaza, hunywa kahawa, akakutazama kuanzia kisigino hadi utosini. Nusu iliyobaki utaikuta mbele.

Kabla ya kuendelea, hesabu kidogo. NBA ina timu 30. Kila timu ina nafasi 15 za mkataba kamili na 3 za mkataba wa nusunusu. Jumla ni wanaume 540 kutoka dunia nzima, na urefu wao wa kawaida unakaribia mita mbili. Sentimita zako 203, ambazo mtaani kwenu zinasimamisha bodaboda, kule ni za mtu anayeombwa asogee kidogo kwenye picha ili wengine waonekane.

HATUA YA PILI: WATU UTAKAOKUTANA NAO

Mjomba wa Ghafla. Huyu hukuwahi kumwona hata msibani. Anakuja na kreti ya soda, anakaa sebuleni, na ndani ya nusu saa anasema “kijana wetu”. Hana ubaya mkubwa. Mpe chai, usimpe pasipoti.

Mwenye Mpango. Ana simu mbili na picha aliyopiga pembeni ya mtu mrefu. Anayo shule Marekani, kila kitu kimeshalipiwa, imebaki hela kidogo tu ya kushughulikia. Muulize maswali manne. Shule inaitwaje? Je, shule yenyewe imekutumia fomu ya I-20, ambayo bila hiyo ubalozi haukupi viza ya mwanafunzi? Nani atakulisha na kukulaza? Na mambo yakiharibika, nani atalipa tiketi ya kurudi? Swali la nne humkumbusha kwamba ana kikao mahali pengine. Wala usidhani ujanja huu uko huku kwetu peke yake: huko North Carolina, mkuu wa shule moja binafsi alitiwa hatiani kwa kuwaandikisha kwa uongo makumi ya wanafunzi wa kigeni, wengi wao wanamichezo, waliokuwa wakiishi na kucheza kwingine kabisa.

Mpunguza Umri. Anamjua mtu anayemjua mtu kwenye ofisi ya vizazi na vifo. Kwa ada nafuu utapungua miaka mitatu na kurudi kuwa mtoto mwenye kipaji. Atakuambia kila mtu anafanya. Hatakuambia kwamba sheria ya uhamiaji ya Marekani inaweza kumfungia mlango maisha yake yote mtu aliyepata viza kwa udanganyifu, wala kwamba goti halisomi cheti cha kuzaliwa.

Wakala. Huyu ni halali akiwa na leseni ya chama cha wachezaji wa NBA, na chama hicho kimemwekea ukomo: asilimia 4 ya mshahara, basi. Akitaka 10, jua hujapata wakala, umepata mbia.

Baraza la Kahawa. Hawa hawajacheza hata ligi ya wilaya lakini wanajua ulipokosea. Kwa sasa wanakusifu. Wazoee, maana tutakutana nao tena.

HATUA YA TATU: SHULE

Utaambiwa skolashipu ni elimu ya bure. Utailipa kwa mwili: mazoezi alfajiri, darasani, vyuma, video za wapinzani, ndege ya usiku, mtihani asubuhi. Mwenzako Mmarekani unayebadilishana naye nafasi uwanjani ameruhusiwa tangu Julai 2021 kulipwa kwa jina na sura yake, kwa hiyo anatangaza viatu na magari. Wewe una viza ya mwanafunzi, na viza hiyo inakubana usifanye kazi ya kipato. Mtafunga vikapu vilevile na kupigiwa makofi yaleyale. Yeye ataondoka na gari, wewe utamwomba lifti.

Mtaa utakushauri uache chuo haraka kwa hoja kwamba shule ipo tu. Hapo mkumbuke Mutombo. Alitoka Kinshasa kwenda Georgetown kwa ufadhili wa masomo, nia yake ikiwa udaktari. Kikapu kilimkuta hukohuko. Akamaliza shahada ya isimu na diplomasia, akachaguliwa wa nne mwaka 1991 akiwa na miaka 25 kamili. Alicheza misimu 18 na kuwa mlinzi bora wa ligi mara nne. Wote watatu waliochaguliwa mbele yake walistaafu akiwa bado anawatikisia watu kidole kila akiwazuia mpira. Ukiambiwa shule inachelewesha, uliza inachelewesha nini.

HATUA YA NNE: USIKU WA DRAFTI

Shona suti, maana dukani hakuna ya kwako. Ukiitwa raundi ya kwanza utaambiwa umepata mkataba wa miaka minne, na nyumbani watapiga vigelegele vya miaka minne. Soma karatasi. Miwili ya mwanzo ndiyo yenye uhakika. Wa tatu na wa nne ni wa timu, ikipenda.

Wasomaji wa Kongo wanapewa tahadhari ya ziada. Bismack Biyombo wa Lubumbashi alichaguliwa wa 7 mwaka 2011. Emmanuel Mudiay wa Kinshasa alichaguliwa wa 7 mwaka 2015. Jonathan Kuminga wa Goma alichaguliwa wa 7 mwaka 2021. Ndugu zetu, mkifika ukumbini msihangaike na majina sita ya kwanza. Tumieni nafasi hiyo kwenda msalani.

Usiku huo una somo moja ambalo halitangazwi jukwaani: namba inapanga mshahara, timu inapanga maisha, na timu huichagui wewe. Hapa ndipo inapoanza ile nusu ya pili ya habari za Thabeet. Memphis waliomchukua walikuwa tayari na Marc Gasol pale katikati, na wiki chache baadaye wakamleta Zach Randolph. Kijana aliyeujua mpira kwa miaka saba hivi alihitaji dakika nyingi za kukosea, na dakika hizo zilikuwa na wenyewe. Februari 2010 wakampeleka Dakota Wizards, timu ya ligi ya chini iliyokuwa Bismarck, North Dakota, mji ambao mwezi huo mtoto wa Dar es Salaam hana sababu ya kuwapo. Hadi siku hiyo hakuna aliyechaguliwa juu kama yeye aliyewahi kushushwa huko. Mwaka uliofuata akahamishiwa Houston, baadaye Portland, kisha akaenda Oklahoma City.

Wakati huohuo mchezo wenyewe ulikuwa unahama. Waliochaguliwa nyuma yake usiku uleule, James Harden wa 3 na Stephen Curry wa 7, walikuja kuufanya mstari wa pointi tatu, kule mbali mita 7.24, kuwa makazi yao ya kudumu. Mtu mrefu aliyefundishwa kulinda chini ya kikapu akajikuta analinda kiwanja ambacho wapinzani hawakitaki tena.

Baraza la Kahawa likakaa likatoa hukumu: amefeli. Ishike vizuri hukumu hiyo, kwa sababu ndiyo utakayopewa na wewe. Ukifika mahali ambapo hakuna mtu wa nchi yako aliyewahi kufika, ukacheza misimu mitano, utaitwa aliyefeli na bwana ambaye mpira wa kikapu wa mwisho kuugusa ni ule uliodondokea kwenye sahani yake ya chipsi.

HATUA YA TANO: BENCHI NA MABEGI

Usiwe na haraka ya kupanga samani. Timu inaweza kukuhamisha bila kukuuliza, na habari unaweza kuisoma kwenye simu kabla bosi hajakupigia. Ili uruhusiwe hata kuomba kifungu cha kukataa kuhamishwa, uwe umecheza ligini miaka 8, minne kati ya hiyo kwenye timu hiyohiyo. Ukifika hapo huenda hakuna anayetaka kukuhamisha, kwa kuwa hakuna anayekutaka.

Upo pia mkataba wa siku kumi, ambao ni kama jina lake. Unafika, unapewa jezi, unajifunza majina ya wenzako, na unapoanza kujua choo kiko wapi siku zinaisha. Timu moja inaweza kukupa mara mbili kwa msimu. Baada ya hapo ikuchukue hadi mwisho wa msimu au muagane. Nyumbani hawataelewa. Waambie uko “kwenye majaribio ya mwisho”, maneno ambayo yatakuwa kweli maisha yako yote.

Na ubingwa hauondoi benchi. Kuminga alishika kombe na Golden State mwaka 2022 akiwa na miaka 19, na miaka iliyofuata bado zilikuwapo jioni alizovaa jezi akakaa mpaka taa zikazimwa. Watu wa Goma walioamka usiku wa manane kumtazama waliona nguo za mazoezi.

HATUA YA SITA: MSHAHARA

Hesabu ya mtaani ni nyepesi: mkataba wa dola milioni, kwa hiyo ana dola milioni. Wewe fanya hivi kwa kila dola 100. Kodi ya serikali kuu ya Marekani, kiwango cha juu, ni 37. Ligi inashikilia hadi 10 mpaka mwisho wa msimu ionekane mapato yamegawanyikaje. Huenda zikarudi zote, huenda zisirudi. Wakala, hadi 4. Halafu yanakuja majimbo, ambayo mengi hukutoza kodi kila unapokanyaga uwanja wao. Mtindo huo ulishika moto baada ya fainali za 1991: Chicago Bulls waliwafunga Lakers, California ikawapelekea washindi hesabu ya kodi, na Illinois ikalipiza kwa kuwatoza wachezaji wa California. Tennessee, enzi za Thabeet kule Memphis, ilikuwa na yake: dola 2,500 kwa mchezo, hadi michezo mitatu kwa mwaka, uwe nyota au mtu wa siku kumi. NBA ilikuja kuondolewa kodi hiyo mwaka 2016.

Kinachosalia ndicho kinachoingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ambako kodi haina kiwango cha juu. Kuna ada, kuna harusi, kuna kisima cha kijiji, kuna mradi wa kuku ambao mwaka huu hautakufa. Usicheke. Antoine Walker alilipwa zaidi ya dola milioni 108 katika maisha yake ya NBA, na mwaka 2010 akaomba mahakama imtangaze mufilisi. Latrell Sprewell mwaka 2004 aliwekewa mezani dola milioni 21 kwa miaka mitatu, akaona ni dharau, akasema ana familia ya kulisha. Msimu ule ulipoisha hakuna timu iliyomlipa tena. Familia, inaaminika, iliendelea kula.

Kwa hiyo jipangie posho, na uandike orodha ya watu unaowasomesha. Iwe fupi, iwe na majina, na isomwe mbele ya shangazi. Mjomba wa Ghafla akiuliza kwa nini hayumo, mkumbushe zile soda. Mrudishie kreti mbili.

Dada mrefu, hujasahaulika, ila kwenye mishahara umesahaulika. Mwadi Mabika alitoka Kinshasa akatwaa ubingwa wa WNBA, ligi ya wanawake, na Los Angeles Sparks mwaka 2001 na 2002, na bado Baraza la Kahawa halimjui. Mwaka 2024 Caitlin Clark, aliyechaguliwa wa kwanza na kujaza viwanja Marekani nzima, alilipwa na ligi dola 76,535 kwa msimu. Mwanamume aliyechaguliwa wa kwanza NBA mwaka huohuo alipata zaidi ya milioni 12. Ndiyo maana wachezaji wengi wa kike, msimu ukiisha, hufunga mabegi kwenda Uturuki au China kucheza mwingine. Mwenzio wa kiume akilalamika kuchoka, mwonyeshe pasipoti yako.

HATUA YA SABA: GOTI

Urefu uleule wanaokulipia ndio utakaokuvunja. Nyayo zako hazikuuliza kama ziko tayari kubeba kilo 120 zikiruka na kutua mara mia kwa siku. Yao Ming wa China, sentimita 229, alistaafu mwaka 2011 akiwa na miaka 30 kwa sababu ya mguu. Greg Oden alichaguliwa wa kwanza mwaka 2007, mbele ya Kevin Durant, na magoti yakamruhusu michezo 105 tu ya msimu wa kawaida katika maisha yake yote ya NBA. Joel Embiid wa Cameroon alichaguliwa wa 3 mwaka 2014, akakaa misimu miwili mizima bila kucheza hata dakika moja akiuguza mguu. Yeye alirudi akawa mchezaji bora wa ligi. Mtaa utakutajia Embiid. Daktari atakutajia wale wawili wengine.

Jambo la kutunza kichwani ni namba tatu. Ukitimiza misimu mitatu NBA unapata haki ya pensheni. Wenzako watakuwa wanaota magari. Wewe, kwenye msimu wa pili, ota pensheni.

HATUA YA NANE: UZEENI, YAANI MIAKA 32

Ligi ikikuacha, dunia bado ina viwanja. Thabeet alikwenda Japan mwaka 2017 kuichezea Yokohama, na baadaye akacheza Taiwan. Huko alikuwa akifanya kazi aliyoijua na kulipwa, jambo ambalo watu wengi wa umri wake mtaani kwetu wangelishangilia lingekuwa lao. Kwa walio karibu na nyumbani, tangu 2021 ipo Ligi ya Kikapu ya Afrika, iliyoanzia Kigali ikiwa na klabu 12. Msimu ule wa kwanza hata J. Cole, mwanamuziki wa rapu, alivaa jezi ya Patriots ya Rwanda, kwa hiyo milango si myembamba sana. Ila msimu wake ni mfupi; kabla hujafurahia mshahara wa mwezi, uliza ni wa miezi mingapi.

Na ukiwa na kitu mkononi, chagua utakachoacha. Mutombo aliacha hospitali Kinshasa, yenye jina la mama yake, iliyofunguliwa mwaka 2007. Biyombo alipofiwa na baba mwaka 2021, mshahara wake wote wa msimu ule, kama dola milioni 1.3, aliutoa kujenga hospitali Kongo kwa kumbukumbu yake. Wastani wake wa pointi haujawahi kutisha mtu. Mgonjwa wa Kongo hatauliza wastani.

MAMBO YA KUKAGUA KABLA YA KUSAINI

Mkataba uusome mwenyewe, kwa lugha unayoielewa, ukiwa peke yako. Usipouelewa, lipa mwanasheria asiye ndugu.

Umri wako uwe mmoja kwenye karatasi zote, ukiwamo ule anaoujua mama.

Pasipoti ikae kwako. Tiketi ya kurudi ipatikane kabla ya ile ya kwenda.

Uwe na kazi moja unayoweza kuifanya ukiwa umekaa. Uhasibu ule uliokuwa unaupenda haujaenda kokote, na wenye milioni 108 waliuhitaji.

Jifunze mrusho huru. Ni mita 4.6, hakuna anayekuzuia, na urefu hausaidii chochote. Ndiyo sehemu pekee ya mchezo ambapo mtu ataona ulichojifunza bila kuona ulichozaliwa nacho, na ndiyo sehemu ambayo warefu wengi huaibika mbele ya watu elfu ishirini.

Mwisho, kama nyumbani kuna mdogo wako mfupi anayeshinda uani akirusha mpira kutoka mbali, acha kumcheka. Katika drafti ile ya 2009, wa pili alikuwa na sentimita 221 na wa saba, Curry, ana kama 188. Ligi nzima ikaishia kucheza anavyocheza wa saba. Mpe mpira, mwombe akufundishe. Akitaka kulipwa, usizidishe asilimia 4.